Mila ya mamasere na mila yetu: tuangalie tena filme « Au risque de se perdre »

Ndugu msomaji, katika kitabu kidogo kama hiki watu wanangojea habari za mahari, za matanga, za ngoma za wazee. Mtu atauliza: filme ya Hollywood ya mwaka 1959 inatafuta nini hapa? Jibu ni fupi. Filme ile ilipigwa picha kwetu Kisangani, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Stanleyville. Tena, tangu mwanzo hadi mwisho inasimulia mila: namna kundi linavyompokea mtu, linavyomfundisha, linavyomfunga kwa kiapo, na namna linavyomwachilia. Kwa Kiingereza jina lake ni The Nun's Story. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaijua kwa jina la Au risque de se perdre.

Wazo langu naliweka wazi tangu sasa. Filme hii ni kati ya zile zinazojua vizuri sana kuangalia mila. Inaiangalia kwa uvumilivu, bila kuicheka na bila kuipamba. Lakini uvumilivu ule inautoa kwa mila ya Wazungu tu. Ikifika kwetu, inaanza kwenda mbio. Na mbio zile hazikubaki kwa Wazungu wa zamani; zimeingia mpaka ndani ya macho yetu wenyewe.

1. Habari ya filme

Mwongozaji wake ni Fred Zinnemann, aliyezaliwa mwaka 1907 katika himaya ya Austria na akafanya kazi Marekani. Hadithi ilitoka katika kitabu cha Kathryn Hulme cha mwaka 1956, nacho kilifuata maisha ya Marie Louise Habets, Mbelgiji aliyekuwa sista na muuguzi. Mchezaji mkuu ni Audrey Hepburn, naye mwenyewe alizaliwa Brussels.

Gabrielle van der Mal ni binti wa munganga mkubwa wa upasuaji huko Ubelgiji. Anaingia konventi kwa hamu ya kuja Kongo kuuguza wagonjwa. Anapewa jina jipya: Sista Luke. Anasomea magonjwa ya inchi za joto huko Antwerp, lakini nyuma ya masomo hatumwi Kongo; anapelekwa kwanza kwa wagonjwa wa akili. Siku anapofika Kongo, anawekwa katika hospitali ya Wazungu, siyo ile ya weusi aliyoitamani. Huko anafanya kazi na munganga Fortunati, anayeigizwa na Peter Finch, mtu asiyeamini Mungu lakini fundi wa kisu. Anashikwa na kifua kikuu, anapona. Anarudishwa Ulaya akisindikiza mgonjwa. Vita inaanza, Wajerumani wanaingia Ubelgiji, baba yake anauawa. Hapo moyo wake unakataa kusamehe. Nyuma ya miaka 17 anaomba ruhusa ya kutoka, na anatoka.

Filme inachukua karibu saa mbili na nusu. Ilitajwa mara 8 kwa zawadi za Oscar na haikupata hata moja. Mwaka ule Ben-Hur ilikusanya 11. Hilo lisitusumbue. Ben-Hur ni filme ya kukimbiza farasi. Hii ni filme ya kukaa na kutazama.

2. Saa ya kwanza

Saa ya kwanza haina vita wala mapenzi. Kuko kengele, milango, nguo, nywele na magoti. Na hata hivyo mtu hawezi kutoka mbele ya ekra. Juu ya nini? Kwa sababu kila kitendo kinaonyeshwa polepole na kinapewa maana yake.

Msichana anavua pete, anaacha nyumba ya baba. Anafundishwa kutembea kandokando ya ukuta, kuficha mikono, kunyamaza. Kengele ikilia anakata neno katikati, hata kama neno lilikuwa zuri namna gani. Anapewa kijitabu cha kuandika makosa yake, na makosa yale anayatangaza mbele ya wengine. Anakatwa nywele. Analala kifudifudi katika kanisa. Anapata jina jingine. Mtu wa zamani amekufa, mwingine amezaliwa.

Waliosoma ISP wanamkumbuka Arnold van Gennep. Mwaka 1909 alieleza kama desturi za kupita kutoka hali moja hadi nyingine ziko na hatua tatu: mtu anatengwa na watu wake, anakaa pembeni, kisha anaingizwa tena katika kundi. Lakini hata asiyemsoma van Gennep, kama ametoka katika inchi ya mukanda, atatambua. Kwa Wachokwe na Walunda, watoto wanaume wanatolewa mikononi mwa mama zao, wanapelekwa kambini porini, wanatahiriwa, wanafundishwa mbele ya vinyago vya makishi, na wanarudi wakiwa watu wapya, mara mingi na majina mapya. Kwa Walega, mtu haingii bwami yote kwa siku moja. Anapanda ngazi kwa ngazi, anafundishwa kwa mithali na kwa vitu vidogo vya mti na vya pembe ya tembo, na mwanaume hafiki ngazi za juu bila bibi yake kupanda pamoja naye.

Sisemi kama konventi na mukanda ni kitu kimoja. Konventi inamtoa mtu nyumbani asirudi. Mukanda unamtoa mtoto ili arudi kijijini akiwa mwanaume. Tofauti ni kubwa, na filme haifichi upande wake: Mama Emmanuel, anayeigizwa na Edith Evans, anawaonya wasichana wazi kama maisha wanayochagua yanapingana na maumbile. Ninachosema ni kwamba Zinnemann alijua namna ya kuangalia. Mbele ya kuanza kazi, aliwapeleka waigizaji wake wakae siku kadhaa katika konventi za Paris. Na pale masista wengi wanapoonekana pamoja kanisani, alitumia wachezaji wa baleti wa Opera ya Rome, watu wanaojua kupiga magoti na kusimama kama mwili mmoja. Kila mzee wa ngoma ataelewa sababu: katika ibada mwili njo unaanza kusema, maneno yanafuata.

3. Nafasi ya shaka

Kuko sehemu moja ambayo mwalimu hawezi kuiangalia akiwa ametulia. Sista Luke anajitayarisha kwa mtihani huko Antwerp. Mkubwa wake anamwomba ashindwe kwa kusudi, iwe tendo la unyenyekevu juu ya sista mwingine anayeumizwa na akili yake. Afanye nini? Akitii, anasema uongo mbele ya waalimu, na wagonjwa wa Kongo wanapoteza muuguzi. Akikataa, amevunja kiapo cha utii. Siku ya mtihani tunamwona akitetemeka, lakini anajibu, na anapita wa nne kati ya wanafunzi 80. Kisha anaanza kujihukumu: nimepita juu ya ukweli, ao juu ya kiburi?

Nilipozungumza jambo hili na wanafunzi wangu wa mwaka wa sita, darasa liligawanyika mara mbili. Wengine walisema mkubwa ni mkubwa. Wengine walisema hakuna mkubwa anayeweza kuagiza ujinga. Niliwaacha wabishane mpaka kengele, maana filme nayo inaacha hivyo. Haisemi konventi ni mbaya. Haisemi binti ni mwasi. Inaweka shaka ndani ya mtu anayependa mila yake na anayeteswa nayo. Hapo njo heshima ya kweli kwa mila inapoanzia: mtu wake anaporuhusiwa kujiuliza bila kuitwa mpagani wala msaliti.

Tulinganishe na filme moja ya Waingereza, Le Narcisse noir, yaani Black Narcissus, ya Michael Powell na Emeric Pressburger, mwaka 1947. Nayo ni ya masista waliotumwa mbali, katika milima ya Himalaya. Ni filme nzuri kwa macho. Mpiga picha Jack Cardiff alipata Oscar kwa kazi ile. Lakini haikuvuka hata mto mmoja wa Asia. Milima ilichorwa, filme ikapigwa Uingereza, na msichana wa kule, Kanchi, ni Mwingereza Jean Simmons aliyepakwa rangi. Masista wale wanavurugika akili kwa sababu ya upepo, maua, na urefu wa mlima. Ni kusema, kosa ni la inchi ya watu. Zinnemann hakufanya vile. Sista Luke haharibiwi na jua la Kongo wala na ngoma za usiku. Taabu yake alitoka nayo Ubelgiji, ndani ya kiapo chenyewe. Kwa hilo nampa Zinnemann nambari nzuri.

4. Kufika kwetu

Sasa tufike Kisangani. Mwanzoni mwa mwaka 1958 kikundi cha filme kilikuja kupiga picha mjini, na pia katika kituo cha wagonjwa wa ukoma upande wa Yakusu. Kwa hiyo mto tunaouona ni mto wetu kweli, na nyuso za watu ni nyuso za watu wetu. Zinnemann alitaka hata sehemu za Ulaya ziwe nyeusi na nyeupe, na Kongo peke yake iwe na rangi. Kampuni ya Warner ilikataa. Mara mingi tunawalaumu wenye mali wanapomwingilia fundi, lakini hapa walitusaidia bila kujua. Ulaya ingekuwa mahali pa mawazo, Kongo ingekuwa mahali pa rangi. Leo tunaziona inchi mbili chini ya mwanga mmoja.

Lakini mwanga mmoja hautoshi. Wakongomani wawili ambao filme inatujulisha majina yao ni Illunga na Kalulu. Illunga, msaidizi wa hospitali, aliigizwa na Errol John wa Trinidad. Kalulu aliigizwa na Orlando Martins wa Nigeria. Wote wawili ni waigizaji wa maana, siwadharau. Lakini tazameni jina lenyewe. Sisi tunaandika Ilunga, na kila mtu wa Katanga ao wa Kasai anajua uzito wake: ni jina la Kalala Ilunga, shujaa wa masimulizi ya Waluba. Katika filme jina lile halina ukoo, halina kijiji, halina mzee nyuma yake. Illunga ni mtu wa tabasamu na wa kazi. Anauliza maswali, ndiyo, lakini maswali yanakwenda upande mmoja: yeye anauliza juu ya mila ya mamasere. Mila yake yeye haipewi nafasi ya kujieleza.

Kisha inakuja sehemu ya kifo. Sista mmoja, Aurelie, anapigwa rungu na mtu mweusi, anakufa. Tunaelezwa kwa maneno machache kama mulozi alimshauri muuaji amwue mwanamke mweupe, ili mzimu wa bibi yake aliyekufa umwache. Basi, imeisha. Mamasere hawalipizi kisasi, na moyo wa Illunga unaelekea kwa dini yao.

Hapa njo nalaumu. Kukata nywele za msichana mmoja kulipewa dakika nzima, na maana yake ikaonekana. Mzimu wa marehemu, jambo ambalo kwetu liko na taratibu, na wazee, na siku za matanga, na maneno ya kusema na yasiyosemwa, linapewa sentensi moja na rungu. Tena Kiingereza cha nyakati zile kilikuwa na jina moja linalounganisha mulozi na munganga, kama vile ni mtu mmoja. Mtoto wa kwetu hawezi kufanya kosa lile. Mulozi anaua usiku. Mufumu anatafuta chanzo cha ugonjwa na kuponya. Ni maadui. Kuwaunganisha ni sawa na kusema polisi na mwizi ni kazi moja kwa kuwa wote wanatembea usiku.

Na tofauti kubwa kuliko zote ni ile ya shaka. Mzungu katika filme hii ana haki ya kusitasita kwa miaka 17. Mkongomani hasitisiti. Ao anamtii mulozi, ao anapokea msalaba. Hakuna katikati.

Mtu atanijibu: hadithi ni ya miaka ya 1930, watu walikuwa vile. Hapana. Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akakaa gerezani Elisabethville mpaka kifo chake mwaka 1951, na wafuasi wake hawakuacha. Mwaka 1944 watu wa Kitawala waliasi upande wa Masisi. Mwaka 1948 serikali ya koloni ilivunja bwami kwa amri, na wenye bwami wakaendelea kwa siri. Watu wasiojiuliza juu ya imani na mila hawafungwi miaka 30, na hawaandikiwi amri. Na filme yenyewe ilitoka katikati ya mwaka 1959. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule, katika Stanleyville ile ile, kulikuwa mkutano wa MNC ya Patrice Lumumba, fujo, vifo, na Lumumba akakamatwa. Mji uliopewa tabasamu katika filme ulikuwa na maneno mengi ya kusema.

Haki yake tuipe hata hivyo. Ukiiweka karibu na The African Queen ya John Huston, mwaka 1951, ambayo nayo ilipigwa kwa sehemu katika msitu wetu, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, yaani Ubundu, ile ya Zinnemann ni bora kwa jambo hili. Katika filme ya Huston, watu weusi wanaonekana mwanzoni wakiimba vibaya kanisani ili mtazamaji acheke, wanagombania kipande cha sigara, kijiji kinachomwa, na nyuma ya hapo hadithi inabaki ya Wazungu wawili na mashua. Zinnemann hamcheki mtu. Njo maana lawama yangu kwake ni kubwa zaidi: aliyejua kuangalia angeweza kuangalia mpaka mwisho.

5. Mlango wa mwisho

Sehemu ya kutoka inajulikana sana, na inastahili. Sista Luke anaachwa peke yake katika chumba kidogo. Anavua nguo za utawa, anavaa nguo za raia. Anabonyeza kengele, mlango unafunguka wenyewe. Hakuna anayemwaga. Kamera inabaki ndani; inamtazama kwa nyuma akitembea katika njia nyembamba, anasimama kidogo, anapinda, anapotea. Hakuna muziki hata kidogo. Zinnemann alikataa muziki kwa makusudi: ukiwa wa furaha, ungesema konventi ilikuwa gereza, ukiwa wa huzuni, ungesema binti amepotea. Alimwachia mtazamaji ahukumu mwenyewe.

Kumbukeni ukimya ule, maana unatuleta kwetu.

6. Jicho letu

Tangu miaka ya 1990 nyumba zetu zimejaa filme za video za Nigeria, kisha tamthilia za tele za Kinshasa. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyofungua njia, inasimulia mume anayemtoa bibi yake sadaka kwa kundi la siri apate mali, na wokovu wake unapatikana kanisani. Siyo filme mbaya. Lakini ngapi zilifuata njia ile ile? Mzee wa kijiji anaingia, muziki mzito unapiga, na mbele ya kufungua kinywa tumeshajua ni mulozi. Mchungaji anaingia, muziki unalainika. Ni ile sentensi moja na rungu lake. Tofauti ni kwamba sasa tunaiandika sisi wenyewe, kwa midomo yetu, na hatuna Mbelgiji wa kumlaumu.

Na jambo hili si la ekra tu. Katika miji yetu watoto wengi walifukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi. Ilifika hatua ya inchi kuweka sheria: ile ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sisemi kama filme njo zilizaa balaa lile. Umaskini, vita na vifo vimefanya sehemu kubwa. Lakini jamii ambayo imesahau tofauti ya mufumu na mulozi, ambayo haijui tena mzee gani anaulizwa na kwa utaratibu gani, inabaki na hofu bila taratibu. Na hofu bila taratibu inamwangukia aliye mdogo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wenzangu waalimu na kwa vijana wanaopiga video. La kwanza: iangalieni filme hii pamoja na wanafunzi, na msimame mara mbili, pale nywele zinapokatwa na pale rungu linapoanguka. Waulizeni kila mara: nani amepewa nafasi ya kueleza maana ya tendo lake? Jibu litakuja lenyewe, na litawafundisha kuliko hotuba.

La pili: mukanda, bwami, matanga, upatanisho wa koo, vyote vinangoja mtu wa kuvipiga picha kama Zinnemann alivyopiga saa ile ya kwanza. Polepole. Kwa kukaa kwanza na wenyewe siku kadhaa. Kwa kuomba ruhusa, maana mambo mengine si ya kuonyeshwa, na hata hilo linaweza kuonyeshwa: mlango uliofungwa, na mzee anayesema hapa ndio mwisho. Kwa kumpa nafasi pia kijana mwenye shaka, anayependa mila na hajui kama ataibeba. Na bila muziki wa kumwambia mtazamaji nani ni mwovu.

Wazee wanaojua wangali hai, lakini si wengi, na hawangoji.